Ndaye Mulamba: mabao 9 na dakika moja ya kimya

Mwezi Februari 1998, wakati wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Burkina Faso, watu uwanjani walisimama kwa dakika moja ya kimya kumwombolezea Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa zamani wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambaye kwa miaka 24 alikuwa ameshikilia rekodi ya kufunga mabao mengi kuliko mchezaji yeyote katika fainali za mwaka mmoja. Taarifa iliyokuwa imewafikia wahusika ilisema kwamba alikuwa amefariki dunia katika ajali ya machimbo ya almasi nchini Angola. Taarifa hiyo haikuwa ya kweli. Wakati watu wanainamisha vichwa, Ndaye alikuwa hai huko Cape Town, mkimbizi asiye na kazi, mwenye mguu uliowahi kupigwa risasi, na mahali pake pa kulala palitokana na huruma ya familia iliyompokea katika kitongoji cha watu wa kipato cha chini.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama tukio la kusikitisha, kisha msimulizi akaendelea na mengine. Mimi naona kinastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake limo swali linalogusa maisha ya wanasoka wengi wa bara hili: inawezekanaje ulimwengu mzima wa soka ukaitunza takwimu ya mtu kwa uangalifu mkubwa, na papo hapo ukampoteza mtu mwenyewe hata usijue kama yu hai au amekufa? Jibu langu ni kwamba Ndaye hakupotea mwaka 1998, wala hakupotea siku alipoikimbia nchi yake. Alianza kupotea mwaka 1974, akiwa katika kilele cha utukufu, pale jasho lake lilipolipwa kwa zawadi na hisani ya mkubwa, bila mkataba wala haki ambayo angeweza kuidai.

Alizaliwa tarehe 4 Novemba 1948 huko Luluabourg, mji wa Kasai ambao leo unaitwa Kananga. Jina lake la ubatizo lilikuwa Pierre, lakini mwaka 1972 serikali ya Mobutu Sese Seko iliwataka raia waachane na majina ya Kizungu, na ndiyo maana katika orodha za wachezaji za miaka ile anaonekana kama Ndaye Mulamba au Mulamba Ndaye, jina la Pierre likiwa limefutwa. Mashabiki nao walimpa majina yao. Moja lilikuwa Volvo. Jingine lilikuwa Mutumbula, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni muuaji, ingawa msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa sana, kwani sikio lake linakipata humo kitenzi cha kutumbua, na wazee wa Lubumbashi wanaozungumza Kiswahili cha Katanga wanaijua vizuri hofu iliyofungamana na neno batumbula, wale waliodhaniwa kuteka watu usiku enzi za Wabelgiji. Mtu hapewi jina kama hilo kwa kupiga chenga za kupendeza tu. Anapewa kwa sababu mabeki wakimwona anakuja, matumbo yanawacheza.

Sifa zake zilikua akiwa AS Vita Club ya Kinshasa, na Desemba 1973 ndio mwezi unaoeleza vizuri zaidi soka la Zaire lilikuwa limefika wapi. Katika mwezi huo mmoja timu ya taifa iliifunga Morocco mabao 3 kwa 0 mjini Kinshasa na kujihakikishia nafasi katika Kombe la Dunia la 1974, ikiwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Na Vita Club, iliyokuwa imepoteza mechi ya kwanza ya fainali ya Klabu Bingwa Afrika kwa mabao 4 kwa 2 ugenini kwa Asante Kotoko ya Kumasi, iliwapiga Waghana hao 3 kwa 0 katika marudiano na kulitwaa kombe. Kwa nchi ambayo rais wake aliuona mpira kama bendera ya pili ya taifa, hayakuwa mafanikio ya michezo peke yake. Tangu miaka ya mwisho ya 1960 Mobutu alikuwa amewarudisha nyumbani wachezaji wa Kikongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji, akaigharimia timu ya taifa na kuipa jina la Chui, mnyama ambaye ngozi yake ndiyo aliyoivaa kichwani mwake mwenyewe. Hoja yangu yote imeegemea hapo: wachezaji walikuwa mali ya heshima ya rais kabla ya kuwa watu wenye kazi yao.

Machi 1974 Chui walikwenda Misri. Mashindano yalikuwa na timu 8 tu, Uganda ikiwa mojawapo, na Zaire haikuanza kama bingwa mtarajiwa, kwani katika kundi lake ilifungwa 2 kwa 1 na majirani zao wa Brazzaville. Ndaye alifunga mabao 3 katika hatua hiyo. Kisha ikaja nusu fainali dhidi ya wenyeji mjini Cairo, na hapa inafaa tukae kidogo. Misri ilipata bao la pili katika dakika ya 54. Uwanja umejaa, wenyeji wanaongoza 2 kwa 0, mchezo unaonekana umekwisha. Dakika moja baadaye Ndaye alizitikisa nyavu. Nahodha Kidumu Mantantu akasawazisha katika dakika ya 61, na katika dakika ya 72 Ndaye akafunga tena, Misri ikatolewa nyumbani kwake kwa 3 kwa 2. Ukitaka kuelewa kwa nini waliitana Mutumbula, usitazame jumla ya mabao. Tazama ile dakika moja kati ya bao la Misri na jibu lake.

Fainali dhidi ya Zambia ilipigwa tarehe 12 Machi. Zambia ilitangulia, Ndaye akasawazisha katika dakika ya 65, na mchezo ukaingia muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki dakika 3 Ndaye akafunga la pili, na wengi waliamini kombe limepatikana, lakini Brighton Sinyangwe aliisawazishia Zambia katika dakika ya 120. Wakati huo fainali ya mashindano haya haikuamuliwa kwa mikwaju ya penalti, kwa hiyo timu zote mbili zilirudi uwanjani baada ya siku mbili, jambo ambalo halijatokea tena katika historia ya kombe hili. Wenyeji wakiwa wameshatolewa, viti vingi vilikuwa vitupu. Zaire ilishinda 2 kwa 0, na mabao yote mawili alifunga Ndaye, katika dakika ya 30 na ya 76. Katika fainali hiyo na marudio yake, kila bao la Zaire lilikuwa lake. Jumla yake ikawa 9 katika mechi 6 za timu yake, akimpita Laurent Pokou wa Ivory Coast aliyekuwa amefunga 8 mwaka 1970.

Baada ya ushindi huo wachezaji walipokelewa kama mashujaa, na Mobutu alimzawadia kila mmoja nyumba na gari. Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapoona neema, nami ndipo ninapoona mwanzo wa tatizo. Nyumba ni kitu kizuri, na sitambeza kijana wa Kananga aliyeifurahia. Lakini zawadi ina tabia yake: haimpi mpokeaji nguvu ya kudai nyingine, haina tarehe ya kulipwa mwezi ujao, haiweki akiba ya uzeeni, na hudumu kwa kadiri ambavyo moyo wa mtoaji unaendelea kupenda. Mchezaji mwenye mkataba anaweza kwenda mbele ya sheria akaonyesha karatasi. Mchezaji mwenye zawadi hana pa kwenda isipokuwa kwa aliyempa. Kwa hiyo miezi mitatu tu baada ya Cairo, walipofika Ujerumani Magharibi na moyo wa mtoaji ukabadilika, hapakuwa na chochote cha kushika.

Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, dhidi ya Scotland, walifungwa 2 kwa 0, na haikuwa aibu. Kilichowavunja kilitokea nje ya uwanja. Kwa maelezo ambayo wachezaji wenyewe walikuja kuyatoa, posho walizoahidiwa ziliishia mikononi mwa maofisa waliofuatana na timu, nao wakatishia kutocheza mechi ya pili. Walishawishiwa wakaingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni dhidi ya Yugoslavia, nchi alikotoka kocha wao Blagoje Vidinić, lakini miguu iliingia bila mioyo. Hadi dakika ya 18 walikuwa wamefungwa mabao 3. Vidinić akamtoa kipa Kazadi Mwamba na kumwingiza Dimbi Tubilandu, ambaye hata hakupata muda wa kutulia langoni kabla ya kufungwa la nne.

Wachezaji wa Zaire walimzingira mwamuzi Omar Delgado wa Colombia wakidai kwamba mfungaji alikuwa ameotea. Katika msongamano huo mchezaji mmoja alimpiga mwamuzi teke kutoka nyuma. Aliyepiga teke, kama ilivyokuja kukubalika, ni beki Mwepu Ilunga. Delgado aligeuka, akatoa kadi nyekundu, na aliyeonyeshwa ni Ndaye. Mfungaji bora wa Afrika, mtu aliyekuwa ameibeba timu hiyo miezi mitatu kabla, akatoka uwanjani katika dakika ya 22 kwa kosa la mwenzake, na Kombe lake la Dunia likaishia hapo. Mechi ilikwisha kwa 9 kwa 0. Tarakimu hiyohiyo iliyolijenga jina lake Cairo ikawa ndiyo ya fedheha ya nchi yake Ujerumani, na kwa miaka mingi, mtu wa Ulaya alipoikumbuka Zaire ya 1974 aliikumbuka hiyo ya pili, pamoja na ile picha ya Mwepu akitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu wa Brazil katika mechi ya tatu. Huyo Mwepu aliyechekwa na dunia nzima alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi hiyo walitishwa na watu wa rais kwamba wakifungwa mengi na Brazil wasifikirie kurudi nyumbani. Walifungwa 3 kwa 0, wakarudi.

Nadhani kadi ile nyekundu inastahili uzito mkubwa kuliko inaopewa. Kila mchezaji hukosea, na kila mwamuzi hukosea. Lakini mchezaji aliyetolewa kimakosa katika mashindano makubwa anahitaji shirikisho la nchi yake limsimamie, lipeleke pingamizi, lilinde jina lake. Maofisa wa Zaire, ambao wachezaji wenyewe waliwatuhumu kwa posho zao, hawakuwa watu wa kubeba kazi hiyo. Pale tunaona kwa mara ya kwanza, hadharani, kwamba Ndaye hakuwa na mtu wa kumsemea.

Mobutu aliipa timu kisogo baada ya Ujerumani. Oktoba mwaka huohuo Kinshasa ilikuwa mwenyeji wa pambano la masumbwi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, na macho ya utawala yakahamia huko. Kwa wachezaji, hata hivyo, kufuli halikufunguliwa. Utawala uliochoka kuwagharimia uliendelea kutowaruhusu kwenda kusajiliwa nje, na mtu mwenye umri wa miaka 25, aliyetoka kufunga mabao 9 katika fainali za bara zima, hakupata kucheza Ulaya hata siku moja. Huu ndio uamuzi uliomgharimu zaidi maishani, kuliko risasi na kuliko vita, kwa sababu miaka ya mchezaji ni michache na hairudi. Angepata misimu mitano katika ligi ya Ufaransa au Ubelgiji, hata katika klabu ya kawaida, angekuwa na mshahara ulioandikwa, na pengine haki ya kuishi katika nchi nyingine siku mambo yangeharibika kwao. Alibaki Kinshasa na Vita Club mpaka akatundika daluga, akiwa maarufu kila mtaa na bila akiba.

Mambo yaliharibika kweli. Mwaka 1991 na tena 1993 wanajeshi wenye malalamiko ya mishahara walipora Kinshasa, biashara zikafungwa, fedha ya nchi ikageuka karatasi. Katika hali hiyo, mwaka 1994 Shirikisho la Soka la Afrika lilimwalika Ndaye nchini Tunisia, ambako fainali za mwaka huo zilikuwa zinafanyika, ili kumtunuku kwa rekodi yake iliyokuwa imetimiza miaka 20. Alirudi nyumbani na heshima yake. Watu wenye silaha, wanajeshi, wakamvamia wakiamini kwamba mtu aliyetoka kutunukiwa ng'ambo hawezi kukosa fedha. Hakuwa nazo. Walimpiga risasi ya mguu na kumtupa kutoka darajani, na mwanawe mkubwa akauawa. Ndaye alinusurika, akafichwa na kuuguzwa kwa muda wa miezi minane na msamaria aliyemhifadhi.

Ni vigumu kuiandika sehemu hii bila kusimama. Mtu anaitwa mbele ya bara zima anapewa sifa, na sifa hiyo ndiyo inayowavuta wauaji hadi kwake, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuamini kwamba sifa kubwa hivyo inaweza kwenda bila fedha. Silaumu waliomtunuku, nia yao ilikuwa njema, na walikuwa miongoni mwa wachache waliomkumbuka. Lakini sherehe ile haikuwa na kitu kingine nyuma yake, si pensheni, si bima ya matibabu, si hata utaratibu wa kumjulia hali baada ya kurudi. Kwetu Tanzania tunaijua sura ya jambo hili: mchezaji wa zamani anapewa cheti na kupigwa picha na viongozi, kisha miaka michache baadaye jamaa zake wanazungusha daftari la michango ili apelekwe hospitali.

Mwaka 1996, vita vilipoanza kuelekea kumng'oa Mobutu, Ndaye alikwenda Afrika Kusini akiwa mkimbizi. Alifika Johannesburg, kisha Cape Town, peke yake, bila kitu, na kwa kipindi kirefu pombe ilimtawala. Ndipo uvumi wa Angola ulipozuka. Ulikuwa na sura ya ukweli, kwa kuwa Wakongo wengi walikuwa wakivuka mpaka kutafuta almasi huko, na machimbo hayo yaliua watu. Lakini kabla ya kusimamisha uwanja kuomboleza, ilitosha mtu mmoja kuuliza: mwili wake uko wapi, nani amemzika, familia yake inasema nini? Shirikisho la nchi yake lingeweza kujibu kama lingekuwa na anwani yake, na halikuwa nayo. Timu yenyewe ya Kongo ilikuwa hapohapo Burkina Faso, ikacheza mpaka ikatwaa nafasi ya tatu kwa kuwatoa wenyeji kwa penalti baada ya sare ya 4 kwa 4. Wachezaji wake walikuwa vijana waliolelewa kwa hadithi za 1974, na wakawa sehemu ya mashindano yaliyomwombea rehema mtu ambaye angeweza kupigiwa simu.

Ndaye hakuishia katika hali ile ya Cape Town. Alioa huko, akajikongoja, na kufikia 2010 alikuwa anafundisha timu za ridhaa. Mwaka huo Kombe la Dunia lilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, katika nchi ileile aliyokuwa anaishi, na mmoja wa wachezaji wa kwanza kuiwakilisha Afrika Nyeusi katika mashindano hayo alikuwa akiwafundisha vijana mpira katika viwanja vya vumbi vya nchi hiyo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya maradhi ya moyo, figo na magoti. Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019 akiwa na umri wa miaka 70, na safari hii habari ilikuwa ya kweli.

Kuhusu urithi wake uwanjani, wapo wanaosema kwamba rekodi ya 1974 ilikuwa rahisi kwa sababu timu zilikuwa chache na ulinzi wa siku zile ulikuwa legelege. Nakubali kwamba soka la wakati ule liliacha nafasi nyingi zaidi nyuma ya mabeki. Sikubali sehemu nyingine ya hoja hiyo. Uchache wa timu maana yake ni uchache wa mechi, na mabao 6 kati ya yale 9 yalifungwa katika nusu fainali, fainali na marudio yake, pale ambapo hakuna timu dhaifu iliyobaki ya kujilimbikizia mabao. Tangu hapo mashindano yamepanuliwa hadi timu 24, na anayefika hatua ya mwisho anacheza mechi 7, moja zaidi ya alizocheza Zaire.

Aliyekaribia zaidi ni Vincent Aboubakar wa Cameroon. Tarehe 5 Februari 2022, mjini Yaoundé, aliingia mechi ya kutafuta mshindi wa tatu akiwa na mabao 6, na timu iliyosimama mbele yake ilikuwa Burkina Faso. Cameroon ilikuwa nyuma kwa mabao 3 kwa 0. Wakapata moja, kisha Aboubakar akafunga katika dakika ya 85, na tena katika dakika ya 87. Akawa na 8, sawa na Pokou, na zilikuwa zimebaki dakika chache pamoja na za majeruhi kulitafuta moja la kumfikia Mutumbula. Halikupatikana, mechi ikaamuliwa kwa penalti ambazo hazihesabiwi, na jina la Ndaye Mulamba likabaki peke yake juu ya orodha, miaka mitatu baada ya kifo chake.